Tyubu ya Haidrojeni

Jumatatu, 9 Juni
Sijawahi kumwambia mtu. Tyubu ya raba tunayowekea gesi ya kigari chetu inavuja. Kila asubuhi kabla binamu yangu Rono aamke naingia stoo, naunganisha betri, natoa haidrojeni kwa maji, naijaza tena. Rono akiibonyeza anakuta iko ngumu. Anadhani imekaa hivyo usiku wote. Mwalimu pia. Nilitaka tu project yetu ifike maonyesho ya sayansi Nakuru.

Jumanne, 10 Juni
Rono ndiye ataongea kwa maonyesho. Mimi nibebe betri. Nilijaribu kueleza darasa shida yenyewe: gari litaweka wapi gesi nyepesi hivi bila kuipoteza njiani. Nikakwama kwa neno la kwanza. Ha. Ha. Ha. Rono akasema, "Mngojeeni Chebet, injini bado baridi." Hata mwalimu alicheka.
Namchukia.

Jumatano, 11 Juni
Sasa naitwa Ha-Ha. Kwa foleni ya chakula. Nje ya choo. Jioni Baba alikuwa anakatia wateja mbavu za mbuzi hapa Kikopey, akamwambia Rono wazi. Akishinda, shule itamsomesha bure. Akishindwa, arudi kwao Keringet alime viazi. Rono aliacha kutafuna. Sikumhurumia.

Alhamisi, 12 Juni
Nilikuwa macho mapema. Sikuingia stoo. Tyubu ikiwa imelegea, niliifunga kwa katoni mimi mwenyewe.
Rono aliongea Kiingereza safi. Akawaambia majaji tyubu yetu haipotezi gesi. Akafungua vali. Kigari kikakaa tu. Akakisukuma na kidole. Jaji mmoja akamuuliza, "Kijana, gesi iko hapa ama ilishukia njiani?" Ukumbi mzima kicheko. Rono akanigeukia. Jibu nilikuwa nalo: haidrojeni ni ndogo mno, inapenya hata raba. Ningesema, hata kwa kukwama. Niliangalia betri.
Nilifurahi. Wacha niandike ukweli, nilifurahi sana.

Ijumaa, 13 Juni
Hajakula.

Jumapili, 15 Juni
Rono anapanga nguo. Shati za shule ameziacha kitandani, zimekunjwa. Lori la viazi linampitia kesho. Baada ya kanisa aliniomba msamaha kwa hilo jina. Akasema lazima alifunga vali vibaya, amenivunjia project. "Pole, Chebet." Macho yamevimba.
Nikamwambia ni sawa. Neno lilitoka laini, bila kukwama.
Mvua imeanza. Kuna mtu kwa korido, anaburuta sandali. Ni yeye. Wacha niweke hii daftari chini ya godo—