Kushoto Majike, Kulia Madume

Jumamosi, 2 Machi

Vifaranga kumi na wawili! Mwanangu kaja nao kutoka sokoni ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu kwa uma. Miaka thelathini na moja sijashika kifaranga. Nilidhani nitalia. Nikapiga chafya tu. Harufu ile ile — pumba, joto, na kitu kama kitabu kipya.

Fundi Saa alitukuta uani, hata boksi hatujalifungua. Yeye ndiye mwenye nyumba. Sisi tunakaa juu — mimi, mwanangu na mumewe — yeye anakaa chini, na dirisha la karakana yake linatazama ua. Anatengeneza saa za ukutani na za mkononi, na anazitengeneza kwa sikio. Akiwa anasikiliza saa inayougua, huku juu sote tunavua viatu.

Akasema majike anawakaribisha, hata wawe mia. Jogoo hapana. Siku atakayomsikia jogoo mmoja, banda zima litaondoka siku hiyo hiyo, na muuza supu wa pale kona hana haja ya kuelekezwa njia. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma karatasi ya dawa.

“Jogoo ni saa isiyotengenezeka, dada yangu.”

Sasa, muuza vifaranga alikuwa amemwambia mwanangu kwamba dume na jike anawajua Mungu peke yake mpaka watimize miezi miwili. Nikasema Mungu na mimi. Si kiburi. Ilikuwa kazi yangu.

Nikaomba taa ya mezani. Nikavaa miwani. Kifaranga kiganjani, bawa unalifungua kwa kidole gumba, kama unavyofunua ukurasa bila kuukunja. Ukingoni mwa bawa kuna safu mbili za vinyoya. Vya chini vikiwa virefu kuliko vya juu, ni jike. Vikilingana, dume. Majike kushoto, madume kulia. Sekunde mbili, tatu, anayefuata. Mikono haikusahau! Mwanangu alisimama na kijiko mkononi, ugali wa vifaranga aliokuwa akapike ameusahau.

Wanane kushoto, wanne kulia. Wale wanne wamerudishwa sokoni, tukabadilishiwa na mfuko wa chakula.

Fundi akauliza kama nina hakika. Nikampa neno langu: wote wanane majike. Tukapeana mikono. Mkono wake una harufu ya mafuta ya mashine.

Jumapili, 3 Machi

Wamelia mchana kutwa. Wanataka mama. Alasiri Fundi Saa akapanda ngazi — nikajua yameanza, na hata hawajawika! Kumbe amebeba saa ndogo ya mezani, kengele yake imeng’olewa, ameivika soksi ya sufu. Akaitia ufunguo, akaiweka katikati ya boksi. Tiki, tiki, tiki. Wakanyamaza mmoja mmoja, wakaizunguka. Mkubwa wao akaipanda kabisa, akalala juu yake kifudifudi.

Fundi akasema huo ni moyo wa mama, wa mtumba.

Huyo mkubwa tumemwita Bi Mkubwa.

Nimekaa nao nikakumbuka kituo cha kuangulia. Wanawake kumi na mmoja kwenye meza ndefu, kila mmoja na taa yake. Mimi waliniita Jicho. Vifaranga mia tisa kwa saa, na makosa hayakuzidi matano. Makreti ya kushoto yalipakiwa kwenye lori. Ya kulia yalipitishwa mlango wa nyuma. Hatukuambiwa yanakwenda wapi kwa sababu hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu tulijua. Dume hatagi.

Siku tuliyokimbia nilikuwa katikati ya trei. Nusu nimewachagua, nusu bado. Nikazima taa — mazoea! Nyumba inaungua mtu anafunga bomba. Siku sita baadaye, mpakani, karani aliniangalia, akaandika, akanionyesha mstari wa kulia. Aliniangalia kwa muda mfupi kuliko niliompa kifaranga yeyote maishani mwangu.

Basi. Leo wamo wanane jikoni na wamelala.

Jumatano, 13 Machi

Nimecheka mpaka kifua kinauma. Mkwe wangu, fundi umeme, mtu mzima mwenye vyeti viwili, amevua pete yake ya ndoa, ameifunga uzi, na anaining’iniza juu ya vifaranga. Bibi yake alimfundisha: pete ikizunguka, jike; ikienda mbele na nyuma, dume. Ikazunguka mara saba. Juu ya Bi Mkubwa ikaenda mbele na nyuma.

Akasema kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa, kwamba labda Mama aangalie tena yule. Nikamwambia pete yake ilimpata mwanangu, kwa hiyo imeshabahatisha mara moja na isijisumbue tena. Mwanangu akacheka, akamwagikiwa na chai. Mkwe akairudisha pete kidoleni.

Alhamisi, 4 Aprili

Wamehamia uani. Banda limekwisha: mkwe kapiga misumari, mimi nimetoa maagizo, Fundi Saa katoa bawaba mbili za shaba kutoka kabati la saa iliyokufa. Mlango unafungwa bila sauti. Bila sauti hata kidogo! Anaufungua na kuufunga bure tu, anapenda mwenyewe.

Siku hizi dirisha lake halifungwi. Anasema wanapochakura wana mwendo mzuri. Anawaletea majani ya kabichi, anayakata vipande vinavyolingana. Saa ya soksi haijaondoka bandani. Bi Mkubwa hataki kulala pengine. Na kila jioni Fundi anaingiza mkono na kuitia ufunguo.

Bi Mkubwa amerefuka miguu. Anasimama wima mno. Undu wake, kile kilemba cha nyama kichwani, umeanza kupata rangi, wenzake bado wana kiwambo tu cha manjano.

Majike wengine huwahi kukomaa. Nimeshaona.

Jumanne, 16 Aprili

Sijaona. Naandika hapa ukweli maana pengine sina pa kuuweka.

Leo nilimkamata Bi Mkubwa nikamkagua juani. Manyoya ya shingo yamechongoka ncha. Undu mwekundu kama pilipili. Vifundo vya kucha za nyuma vimeanza. Ni pora, jogoo kijana, na mtoto yeyote angeona.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikajiuliza nilikosea wapi. Macho? Hapana. Bawa nililisoma sawasawa. Nilikosea kabla ya kulifungua. Ile sheria ya vinyoya si ya kuku wote! Pale kituoni ilifanya kazi kwa sababu baba na mama wa vifaranga walichaguliwa makusudi, wa ukoo huu na wa ukoo ule, ili watoto watoke na mabawa yanayosomeka. Siku ya kwanza kabisa ya kazi tulifundishwa hivyo. Kuku wa sokoni hana ukoo ulioandikwa. Bawa lake linasema linalotaka. Nilifungua kitabu cha lugha nisiyoijua nikakisoma kwa sauti, kwa kujiamini, mbele ya watu.

Nilijua. Lakini mikono ilikuwa na furaha sana, na kichwa hakikutaka kuikatiza.

Wale saba wengine wametokea majike kweli. Bahati. Na wale wanne niliowapeleka kulia? Huenda watataga mahali. Natumaini watataga mahali.

Nimewaambia watoto wakati wa chakula. Mwanangu akasema niende chini sasa hivi nikamwambie Fundi, ataelewa. Mkwe alikuwa anaizungusha pete yake kidoleni, polepole, anatazama dari. Nikamwambia aseme, asije akapasuka. Akasema yeye anachojua ni kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini.

Tumecheka watatu. Nimeamua kuitegemea methali hiyo. Mtu mzima na akili zangu!

Ijumaa, 3 Mei

Fundi Saa ameniuliza kwa nini yule mkubwa ana undu mwekundu hivyo. Nikasema ana damu nyingi.

Si uongo. Lakini nilipanda ngazi nikiwa nimechoka kama nimebeba gunia. Nilimpa yule mtu neno, na yeye akanipa bawaba za shaba.

Mbona simwambii? Najiuliza nikiwa nakoroga chai. Si kwa ajili ya mayai. Nadhani nimepata jibu. Miaka kumi na tisa niliwapeleka madume kulia. Maelfu kwa maelfu, kwa mkono huu, na sikuwahi kuliangalia kreti likiondoka. Huyu ndiye dume wangu wa kwanza aliyekwenda kushoto akabaki. Kosa langu zuri kuliko yote. Ukimwona anavyotembea! Anainua mguu, anaufikiria, ndipo anaushusha.

Na akiondoka yeye, wanaondoka wote wanane. Ndiyo masharti. Niliyakubali kwa mkono wa kulia.

Jumapili, 12 Mei

Amewika.

Saa kumi na moja alfajiri na dakika kumi na mbili. Sauti kama mlango wenye kutu, ukifunguliwa na mtu asiyetaka kuonekana. Mara moja tu. Kisha kimya, kama mwenyewe amejishtua.

Sote watatu tukakutana jikoni na mavazi ya kulalia. Mwanangu ameziba mdomo kwa mkono. Mkwe akanong’ona kwamba kumbe yule si wa shamba, ni wa mjini kabisa. Tukacheka hatuwezi kupumua, tumeshikana mabega. Chini hakuna mlango uliofunguka. Hakuna taa.

Mchana Fundi Saa alikuwa karakanani, kainama. Alinisalimia kama kawaida. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikasema vizuri. Nikamuuliza naye. Akasema vizuri mpaka alfajiri.

Mpaka alfajiri! Na akaendelea kukaza skrubu.

Kesho nitamwambia. Nimeandika hapa ili nisikimbie.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika nimesimama jikoni. Sina muda.

Amewika tena. Si mara moja — mara tatu, na ya tatu imenyooka! Sauti ya mtu mzima. Ilipanda ukuta ikaingia kila dirisha. Nikavaa kanga na viatu, nikashuka kabla sijabadili nia.

Fundi Saa alikuwa ameshakaa uani kwenye kigoda chake, saa ya mfukoni kiganjani, karatasi gotini. Pambazuko ndio kwanza linaanza. Ameandika mistari miwili, jana na leo, kwa penseli, mwandiko wa mtu wa vitu vidogo.

Sikusubiri aulize. Nikasema, “Nilikosea, Fundi. Yule ni dume, na nimejua tangu mwezi uliopita.”

Nikamweleza yote, nimesimama, kama mwanafunzi. Mabawa, koo za kuku, kituo, makreti ya kulia, mlango wa nyuma. Trei niliyoiacha nusu. Sikukusudia kufika huko kwenye trei. Alinisikiliza kichwa kimeinamia upande, sikio lake zuri likiwa kwangu.

Nilipomaliza akanionyesha karatasi. Jana, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Leo, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Akasema ametengeneza saa miaka arobaini na mbili, na zinazomrudia zikiwa na ukweli namna hiyo hazifiki kumi.

Kisha akaniuliza, bila tabasamu, macho bado kwenye karatasi:

“Huyu nani kamtia ufunguo?”

Niliangalia banda, ile soksi ya sufu inaonekana pale chini ya fito, na yeye akaiangalia, na ndipo alipokohoa kidogo akasema nimlete.

Nikamleta. Bi Mkubwa hakupigana. Fundi akampakata magotini, akamfunika mabawa kwa mikono miwili, yale yale yaliyonidanganya. Ahadi ni ahadi, akasema. Alisema siku hiyo hiyo, na siku hiyo ndiyo imefika. Lakini mtu hatoi uamuzi na tumbo tupu, na chai hainyweki bila sukari.

Ndiyo maana niko hapa juu. Nimekuja kuchukua sukari. Bakuli la sukari liko mbele yangu, limejaa, nami naandika. Muuza supu ameshaanza kufungua milango yake pale kona, naisikia ile ya chuma.

Mwanangu yuko dirishani. Ananipungia mkono nije, nije nione, nisiongee.

Fundi Saa amemwinua Bi Mkubwa hadi usawa wa uso wake. Ameweka sikio kifuani pa yule jogoo. Amefumba macho. Anasikiliza.

Mkwe amevua viatu. Mwanangu amevua. Nami navua —