Asali ya Nyuki Wadogo

Jumatatu, 16 Juni 2025
Erasmus, mwenzangu wa kazi, kanidhalilisha mbele ya ofisi nzima. Tunaunda mfumo wa kompyuta wa chama cha wafuga nyuki, wa kupokea asali. Nikashauri kila aina ya asali iundwe kwa vipande vyake, kipimo cha maji kichomekwe na kuchomolewa kama betri ya tochi. Yeye anataka klasi moja kuu, yaani kiolezo kimoja, Asali, nyingine zote zirithi sheria zake. "Mtoto wa nyoka ni nyoka, Elieth. Nadharia zako kawafundishe waseminari wa Kipalapala." Wakacheka wote. Hata Doto wa mapokezi! Erasmus atanilipa.

Jumatano, 18 Juni
Nimeliona kosa lake! Klasi yake kuu inakataa asali yenye maji mengi. Kwa nyuki wakubwa, sawa. Lakini asali ya nyuki wadogo ni nyepesi kwa asili yake, nani hapa Tabora hajui? Nayo imerithi sheria ileile. Itakataliwa yote! Nimwambie? Thubutu. Ijumaa ya wiki ijayo ni uzinduzi, wageni wa Dar watakuwepo. Aumbukie hapo hapo.

Jumanne, 24 Juni
Kaniuliza kama nimekagua kazi yake. Nikamwambia kazi yako haihitaji kukaguliwa, kaka. Akavimba kichwa. Raha niliyoisikia!
Mama kapiga simu, anakuja kwa mama mdogo Ipuli. Nikamkatia simu, nina kazi.

Ijumaa, 27 Juni
Naandika chooni.
Wa kwanza kwenye foleni — Mama! Na ndoo yake ya asali ya nyuki wadogo, kaja kunishtukiza. Doto akapima. Skrini nyekundu: IMETIWA MAJI. Wafugaji wa kijijini kwetu wote wanatazama. Kwetu anayetia maji asali hapati tena mwenzake wa kurina naye, mpaka kufa.
Nikangoja Erasmus aumbuke. Badala yake kawaambia wageni mfumo umeshamnasa mdanganyifu wa kwanza. Wakapiga makofi. Makofi!
Neno langu moja linamsafisha Mama. Halafu wataniuliza nimejua tangu lini.
Namsikia Mama nyuma ya ukuta huu, anamwambia Doto kwa sauti ya upole kwamba haondoki. Anamngoja mwanawe, ndiye aliyeitengeneza hiyo mashine, atawaeleza.