Chuma cha Maua Kimesuguliwa Mchanga

Murubona,
Kasulu, Kigoma.
10 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Habari za Tanga, na miguu je, bado inavimba jioni? Sisi huku tu wazima, mimi na mume wangu Salumu, ila mtoto wetu Badru anaota meno, basi usingizi tunausikia kwa majirani tu. Na baridi ya mwezi huu, usiniulize.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunisikii mpaka nipige kelele, na neno hili si la kupigia kelele. Mama mkwe yuko chumba cha pili. Barua nampa Reverien, dereva wa basi, na Khamisi wako hapo nyumbani atakusomea.

Shangazi, ni kile chuma cha biskuti za maua ulichonipa nilipoolewa. Wifi yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo kule Kibondo, na mama mkwe ameshatangaza mpaka Heru Juu kwamba masinia ya maua atapika mkamwana wake. Mimi! Ambaye siku zote anasema sijui kushika jembe. Nilifurahi mpaka machozi.

Basi juzi narudi sokoni, nakuta amekisugua kwa mchanga na majivu, kinang'aa kama kioo. "Mwanangu, ulikuwa unapikia kitu cheusi vile? Tazama sasa!" Ule weusi wa mafuta ya miaka yote, unaofanya ua liachie, umekwenda. Nikasema asante, mama.

Tangu hapo ua haliachii. Nachovya kwenye unga, natia kwenye mafuta ya moto, natikisa weee, limeng'ang'ania, nabandua kwa kisu vipande vipande. Nimekilaza kwenye mafuta, leo ua moja limejiachia nusu, nikapata moyo kidogo.

Lakini sasa linalonikosesha raha si chuma. Mama mkwe anasema ni jicho la hasidi linalonatisha maua. Jirani yangu Vestina, huyu anayenishikia mtoto nikiwa jikoni, alikuja jana, akavisifu hata vile vipande, "Yoo, maua mazuri haya!" Mama akamjibu palepale, "Macho yako kayatazamishe maharage yako." Vestina akacheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka, akanipa mtoto, akaondoka. Nami nikanyamaza, Shangazi. Nilijua ni ule mchanga, nikanyamaza.

Nilitaka nikuombe Khamisi anipigie, wewe useme kwamba chuma hiki hakisuguliwi mchanga, nami niweke sauti kubwa, mama asikie kama mafundisho tu, asione haya. Lakini asubuhi hii Vestina amepita na ndoo yake, Badru akamnyooshea mikono, yeye akageukia upande wa pili. Siwezi kungoja basi lifike Tanga.

Kwa hiyo simu yenu iwe ya kunielekeza namna ya kukirudisha chuma tu. La jicho namwambia mama mkwe mimi mwenyewe leo, kwamba ni mchanga, si Vestina. Pengine atanuna, harusi ipite bila maua yangu. Pengine atacheka, ana kicheko kizuri akitaka.

Nisalimie Khamisi, Tamimu na mama yao, na mtoto wao mpya nimpakate kwa mbali. Nakomea hapa, nasikia anakunja mkeka wa kuswalia, na nikikawia nitaogopa tena.

Mola aipe nguvu miguu yako, itulete tuonane.

Mwanao akupendaye sana,
Zuleha, Mama Badru