Mikono Inayosaga Msiro

Palma, 9 Novemba 2013

Dada yangu mpenzi Chamima,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumai wewe, shemeji na watoto huko Mtwara mu wazima. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, nami nimepumua, alhamdulillahi.

Barua yako ya hasira imenifikia. Wakwe zako wamesikia kwamba Mama alijipamba akiwa katika eda ya Baba, nawe unaona haya hata kwenda sokoni. Tafadhali nisikilize.

Wajua tangu gesi ipatikane huku, Palma imejaa wageni, nami napata kazi za kutengeneza matangazo ya simu, saruji na mabati. Filamu yangu fupi, hiyo niliitengeneza kwa moyo wangu. Inaonyesha mikono ya mwanamke akisaga msiro wa kujipaka usoni, basi. Ilipoteuliwa kuwania tuzo Maputo, waamuzi waliisifu sana ile mikono. Tuzo alichukua mwingine, nikanuna siku mbili tu.

Balaa lilianza nilipoionyesha hapa, uani kwa Cassamo mwenye nyumba ya wageni. Maputo walitazama mikono. Huku walitazama jiwe la kusagia, wakalitambua kuwa ni la Mama, tena wanajua niliipiga picha wakati wa eda. Jirani yetu Bi Alima akauliza kwa sauti, mjane asage msiro ajipambie nani? Wanawake wakaacha kuja kwetu. Mama alisema tu Mungu anajua, akaingia ndani. Iliniuma mno.

Ijumaa nikawaita wote uani kwetu. Nikaketi chini, nikavuta jiwe, nikasaga mbele yao. Bi Alima akaliona kovu la kidole gumba changu, lile nililolipata nilipokatwa na mbuzi ya nazi utotoni. Kwenye filamu limo.

Ndiyo, dada, mikono ile ni yangu. Mama alikataa kupigwa picha, nikanyoa vinyweleo, nikajifunga kanga, nikajifungia chumbani na kamera. Yeye alijua. Alikubali kusemwa vibaya ili mimi, mwanamume, nisichekwe kwa kusaga msiro.

Sasa nachekwa Palma nzima, na Mama anacheka kuliko wote. Bi Alima ameomba radhi, kisha akaniomba nimsagie msiro wa harusi ya bintiye.

Wasalimie wakwe zako, uwaambie mikono ni ya nani.

Nduguyo akupendaye,
Faquir
(hapa mtaani, Bi Faquir)