Darubini ya Mtu Mwenye Miwani

Baba yangu,

Nimeolewa! Naanza na hilo kwa sababu limenijaa kifuani, na kwa sababu wewe ndiye niliyetaka kumwambia kabla ya wote. Mume wangu anaitwa Fidele. Anafanya kazi kwenye ghala huko Masoro, anavaa miwani minene, na akicheka hufumba macho kabisa kama mtoto anayemwagiwa maji. Nampenda, Baba. Nampenda hadi naona haya kuandika. Asubuhi akishaniaga hurudi tena mlangoni akijifanya amesahau funguo, na mimi hujifanya nimeamini.

Najua ungesema nini. "Punguza sukari, mama."

Lakini kalamu nimeishika kwa sababu ya darubini.

Tangu tulipohama Karagwe kuja Kigali, kila msimu wa kuwinda ulirudi kule kwa rafiki yako Mzee Anatoli. Yeye alikuwa na bunduki na kibali. Wewe hukuwahi kufyatua risasi hata moja. Wewe ulikuwa macho yao. Ulikaa juu ya kichuguu ukapekua vichaka kwa darubini, na ukiwaona kanga ulimgusa Anatoli begani bila kusema neno. Hata nywele zilipokuwa nyeupe zote hukuhitaji miwani, na ulijivunia jambo hilo kuliko nyumba yetu ya Busanza. Kisha darubini yako ya zamani ikaota kuvu ndani ya lenzi, nasi tukaanza kutafuta nyingine ambayo mfuko wetu ungeiweza.

Jumamosi zile, Baba! Maduka ya mjini yalitushinda bei, tukashukia mtaa wa Gitega kwa wauza caguwa, wale wa vitu vilivyokwisha kutumika huko Ulaya. Yule muuzaji mnene alikuwa akikuona tu, anainua lile dude lake jeusi.

"Mzee, chukua hii! Iko na ishirini! Unaona mpaka Uganda!"

"Uganda sina shamba, kijana."

Ukanieleza tukiwa tumesimama pale pale kwamba kukuza mara ishirini huvuta kilicho mbali, lakini huvuta pia kutetemeka kwa mkono. Nane inatosha kwa kanga, mradi kioo cha mbele kiwe kipana cha kuingiza mwanga. Ulikuwa ukiitikisa kila darubini sikioni kusikia kama kuna kilicholegea. Ulikuwa ukitoka nayo mlangoni, na hukuielekeza barabarani kwenye jua, uliielekeza gizani chini ya mabati ya jirani. "Juani kila darubini ni nzuri," ulisema. "Kanga hatembei saa sita mchana."

Jumamosi moja nilimwambia Fidele aje asimame ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha sambusa, ili akuone walau kwa mbali. Wewe ulikuwa mlangoni unajaribu darubini. Ukaizungusha polepole, ikamfikia, ikatulia.

"Yule kijana mwenye miwani anakula sambusa kama mtu aliyekatazwa kuimaliza."

Nikacheka, nikatazama viatu vyangu.

Ulikuwa karibu hivi, Baba. Ningenyoosha mkono ningekushika. Lakini unajua kwetu. Mwanamume haji mbele ya baba wa msichana mpaka wazee wake wawe wamekuja kwanza kushika lango, kujitambulisha na kusema wanatoka kwa nani. Na msichana hamwonyeshi mchumba wake kwa kidole barabarani kama anayechagua kitambaa. Wazee wa Fidele walikuwa wamepanga kuja baada ya msimu wa kuwinda. Nikasema moyoni, si bado kidogo tu. Ningalikuwa na ujasiri wa sentensi moja, "Baba, ndiye huyo," angalivuka barabara na mafuta ya sambusa mikononi, mngalisalimiana.

Mngalisalimiana, Baba.

Baada ya siku ile ukawa mgumu kuridhika. Kila muuzaji ulimuuliza swali jipya: "Mtu mwenye miwani akitazama humu, anaona duara zima au kipande?" Darubini nzuri kabisa, na bei yake ya kibinadamu, ulizirudisha kwa ajili ya swali hilo. Nilichoka. Nikakuuliza miwani ya nini wakati huna miwani. Ukasema, "Uzee unakuja, mama." Haukuja. Ulijilaza baada ya chakula cha mchana, ukaniomba nikuamshe kwa chai. Nikaja na kikombe, hukuamka.

Siku ya mahari Mzee Anatoli alikaa kwenye kiti chako. Alivaa koti lake la siku zote na akawa mkorofi vilevile.

"Sisi tunawapa binti mwenye macho," akawaambia wakwe, "nanyi mnatuletea mtu wa vioo?"

Mzee wao akajibu, "Ndiyo maana alimwona vizuri kuliko vijana wenu wote, ambao walikuwa wakipishana naye kila siku!"

Watu wakacheka hadi kofia zikaanguka. Nami nilicheka, nikalia, nikaharibu poda yote ya usoni. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na katikati yake kulikuwa na mahali patupu kiasi chako.

Watu walipoanza kuaga, Anatoli alimvuta Fidele kando. "Msimu ujao nafasi ya macho iko wazi. Mkwe ndiye anayekaa." Wote walidhani ni utani. Fidele wangu hakudhani hivyo. Mtu ambaye kanga amemwona kwenye sahani tu! Usiku huo huo wa furaha yetu aliniambia, "Wewe umefundishwa na Baba. Nichagulie darubini."

Basi mimi, kwa mapenzi, nikaenda kununua ile ya ishirini. Usinitazame hivyo. Nilitaka mume wangu awe na kubwa kuliko zote, ikae kifuani mwake ing'ae. Tulipanda kilimani nyuma ya Busanza, akaiweka kwenye miwani, akaizungusha huku na huku.

"Unaona nini, mpenzi?"

"Naona vizuri sana."

"Vizuri nini?"

"Kitu... cheusi. Kinatetemeka. Kizuri."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye nyasi. Kisha nikasikitika, kwa sababu ulikuwa umeniambia yote hayo.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Gitega kubadilisha. Yule mnene alinitambua. Hakupiga kelele, alinipa pole ya msiba wako kwanza. Nikazipima kama ulivyozipima: nikazitikisa sikioni, nikatoka nazo mlangoni, nikatafuta giza chini ya mabati. Mbili nikazirudisha. Ya tatu ilikuwa ya nane, imechubuka rangi, haina hata mkanda, lakini mipira inayozunguka vioo vya machoni ilikunjika chini hadi kioo kikagusa miwani ya Fidele. Akatazama. Safari hii hakuwa na haja ya kunidanganya.

"Klaudine, naona duara zima!"

Muuzaji akapiga makofi. "Hilo ndilo swali la mzee! Kila mara, duara zima, duara zima!"

Nikakumbuka macho yako yasiyohitaji miwani. Hukuwa ukijitafutia wewe, Baba. Lakini ulijuaje? Sikukuambia, na Anatoli ameapa hakujua lolote.

Nikamtuma Fidele ng'ambo akanunue sambusa. Nikasimama uliposimama, nikainua darubini, nikaizungusha polepole mpaka ikamfikia. Uso wake ukaja karibu, nikaona hata chembe za unga kwenye ndevu. Sambusa alikuwa ameishika tu. Hakuwa akiitazama, wala hakuwa akitazama magari. Nyuma ya vile vioo vinene alikuwa akinitazama mimi, uso wake wote umelainika.

Hicho ndicho ulichokiona siku ile. Ukafanya utani wa sambusa, ukaniachia siri yangu, ukaanza kumtafutia darubini.

Nasikitika kwamba ulinijua nami sikujua kwamba unajua. Tungeliweza kuwa na furaha hii pamoja, hata njiani tu kurudi Busanza.

Lala, Baba yangu. Msimu ukifika Fidele atakwenda Karagwe, na darubini iliyochubuka itakuwa shingoni mwake. Nimeishonea mkanda kutoka kwenye koti lako la kijivu. Nimemfundisha kutosema neno akiwaona kanga, amguse Mzee Anatoli begani tu, taratibu, kama wewe. Na mimi nakuahidi hili: nikiwa na furaha sitangoja tena msimu upite. Nitasema siku hiyo hiyo, kwa sauti, nikinyoosha kidole.

Ndiye huyo, Baba.

Binti yako,
Klaudine