Filamu ya Kwanza Bafuni

Baba Mdogo mpendwa,

Kopo lako la kusafishia filamu na dawa zake vimefika salama. Ahsante, tena ahsante. Mama Mdogo, unapomsomea, usiruke utani wangu.

Niliziba dirisha la bafu kwa blanketi, mwanga usije ukaiunguza filamu, mume wangu akaenda kuoga kwa jirani. Gizani filamu ikagoma kabisa kuingia kwenye kigurudumu cha kopo. Kumbe nakodoa macho bure! Nikakumbuka ulivyonifundisha: "Yafumbe, uviachie vidole." Ikaingia yote. Picha zimetoka, watoto wanacheka meno nje.

Tangu upoteze macho unasema kazi imekwisha. Njoo kwangu, Baba. Mle bafuni, taa ikizimwa, sote hatuoni, na fundi ni wewe.

Mwanao,
Kidomodomo