Mjinga Asiyejua Kulenga

Bonde la Oreti,
Jumapili, 14 Septemba.

Kaka yangu Dougal,

Mwezi wa Februari mwaka huu, asubuhi ya Jumanne moja, niliamka jicho langu la kulia halioni. Nimelitanguliza hili mbele ya salamu ili usije ukasema baadaye kwamba nilikuzungusha. Sasa nikusalimu. U hali gani? Leanne na watoto hawajambo? Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba mgodini wamekupa kazi ya kukaa kama walivyoahidi. Sisi huku tu wazima kwa kiasi. Theluji imeanza kuachia miteremko ya chini, mto umejaa maji ya kijivu, na kondoo wa jirani wanazaa usiku na mchana. Baba anakula vizuri. Jana alimaliza bakuli mbili za supu ya kondoo, akaomba ya tatu, kisha akaniuliza mimi ni mpishi wa nani.

Kuhusu jicho, daktari wa Invercargill alisema kuna mshipa mdogo wa damu ulioziba huko nyuma. Amenichoma sindano ndani ya jicho lenyewe mara tatu, na anasema nishukuru lisipozidi kuharibika. Pembeni naona. Katikati kuna doa la kijivu, kama mtu amebandika kidole gumba kwenye kioo. Ungekuwa umesimama mbele yangu ningeona masikio yako na mabega yako, uso nisiuone. La kushoto ni zima, lakini jicho moja halipimi kina cha maji.

Unaijua kazi yetu, hata kama umeiacha miaka mingi. Mgeni analeta mikono, mimi naleta macho. Trauti wetu ni wachache na wakubwa, maji ni maangavu, na hakuna anayerusha chambo mpaka samaki aonekane. Mwisho wa Februari nilikuwa na Hallam, yule daktari wa meno wa Melbourne anayekuja kila mwaka. Nilimweka chini ya mti wa kwanza kwenye kona, nikamwonyesha samaki niliyekuwa na hakika naye. Alirusha, akabadilisha chambo mara nne, akarusha tena. Mwisho akaniambia kwa upole, "Rhona, samaki huyu ana msimamo." Nikamjibu kwamba wakubwa ndivyo walivyo. Baba alikuwa ameketi ukingoni anakula mkate wake, maana sikuweza kumwacha nyumbani peke yake. Akasema kwa sauti, "Mwambieni huyo bwana aache kusumbua jiwe. Samaki yuko huku, mbele ya miguu yangu."

Alikuwepo kweli. Hallam alimnasa, ratili saba. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka, akamwambia Baba, "Kumbe bosi ni wewe, mzee." Baba akanionyesha kwa mkate. "Bosi ni mke wangu huyu, Elspeth. Mimi nabeba chakula tu."

Mimi ndiye Elspeth siku hizi. Mama akisikia huko aliko, sijui atacheka au atalia.

Tangu siku hiyo nilikwenda naye kila mahali. Wageni walidhani namtoa mzee apunge upepo, wakasema nina moyo mzuri. Ukweli ni kwamba yeye alinyoosha fimbo, mimi nikafuata ncha ya fimbo, nikamwambia mgeni kana kwamba nimeona mwenyewe. Mwezi wa Machi, kwa kila samaki kumi waliovuliwa, tisa walionwa na Baba. Hajui leo ni siku gani wala nyumba hii ni ya nani, lakini trauti akitikisa pezi chini ya kivuli anamjua. Basi tumekuwa mtu mmoja mwenye miguu minne. Siwezi kwenda kazini bila yeye, na yeye hawezi kukaa bila mimi. Naoga mlango ukiwa wazi. Nimefunga kengele ya kondoo kwenye mlango wa chumba chake, na ikilia usiku nakuwa nimesimama kabla sijaamka.

Vibanda viwili vya wageni nilivijenga kwa mikono hii, bati kwa bati. Leseni ya kuongoza wavuvi niliitafuta mwenyewe wakati watu wa bonde hili wakiuliza msichana atabebaje mgeni akivunjika mguu. Mmoja alivunjika, nikambeba. Wewe uliondoka na begi moja. Sisemi haya kukulaumu. Hapana, nasema kukulaumu, hakuna haja ya kudanganyana. Unapiga simu kila Jumapili, na kila mara unamaliza kwa kusema Baba ni mtu wa mto, aachwe afie mtoni. Ni maneno mazuri. Yanasemwa na mtu ambaye hajawahi kumvuta Baba kutoka mtoni akiwa na maji kifuani na ndara miguuni.

Habari nyingine ni kwamba hadithi ya yule mjinga bado inaendelea. Kila tukienda dukani kwa Nessa kununua maziwa, Baba anaegemea kaunta na kuanza upya. Kwamba Aprili, wakati kulungu madume wanangurumiana, alikuwa msituni nyuma ya nyumba na pembe yake ya ng'ombe, akinguruma. Dume akamjibu kutoka ng'ambo ya kijito. Wakajibizana, wakakaribiana, mara risasi ikachana gome la mti juu ya kofia yake. Hapo hugonga kaunta.

"Shibiri mbili, Nessa. Na mimi nimesimama kama mlingoti. Mtu gani huyo hajui kulenga?"

Nessa humwambia, "Ungemwita ukamfundisha, mzee Wattie."

"Nimwite vipi? Alitoweka kama sungura. Hata kofia yake sikuiona."

Watu wanacheka. Kisha Nessa huniinamia na kusema kwa sauti ya chini kwamba mtu huyo akijulikana, bonde hili halitamweka. Mimi naitikia kwa kichwa, nauliza kama mkate ni wa leo. Polisi wa Lumsden naye alikuja mara mbili, akaupiga picha mti, akaenda zake. Na wewe ulinipigia simu umefura, ukasema akipatikana mtu huyo uambiwe jina lake, utapanda ndege siku hiyo hiyo.

Nyumba ya wazee kule Gore wamepata nafasi. Nilikwenda kuitazama. Ni safi, kuna bustani yenye ua mrefu, na dirisha la chumba chake linatazama maegesho ya magari, wala sikufichi. Baba alituachia mamlaka ya kumwamulia mambo yake sisi wawili kwa pamoja, kwa hiyo sahihi yangu peke yake ni karatasi tu. Nimekuomba yako mara tatu. Mara tatu umenijibu habari za mto.

Sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa ikipakwepa tangu mwanzo. Ulitaka jina lake. Jina lake ni Rhona.

Asubuhi ile nilimwacha Baba kitandani, kengele iko mlangoni. Sikujua kwamba ametoka kwa kupitia dirishani. Nilichukua bunduki kwa sababu friza ya nyama ilikuwa tupu, hiyo ni sababu moja. Ya pili, nilitaka kujua kama bado ni mimi. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nikipiga kopo la rangi juu ya nguzo ya ua. Nilijifunza kutazama kando ya kopo ili lenyewe lijitokeze pembeni mwa doa. Katika risasi kumi nilipata nane. Nikasema nane zinatosha. Kwa kopo la rangi, nane ni nyingi.

Nilinguruma kwa viganja tu, kama alivyotufundisha tukiwa wadogo. Akanijibu. Sauti nzito, ya dume mzee, na mwisho wake kikohozi kile wanachokohoa wakiwa na hasira. Nilipopandisha, alipandisha. Nilipopunguza, alipunguza na kungoja. Nikavuka kijito, nikanguruma tena, akanijibu karibu zaidi, na nakumbuka nikiwaza kwamba sijawahi kumpata dume anayesikiliza hivi. Tulikwenda hivyo karibu nusu saa. Kaka, tangu mwaka jana sijazungumza na Baba muda mrefu kiasi hicho.

Kisha nikaona rangi ya kahawia ikisogea kwenye makangaga. Lile koti lake la zamani. Kichwa sikukiona, kwa kuwa mahali pa kichwa palikuwa na doa. Unakumbuka amri ya Baba, alitukaririsha mpaka tukaisema usingizini, kwamba usipoona kichwa huna ruhusa ya kufyatua. Nilifyatua.

Nililenga kifua. Kwa jicho la mwaka jana, tungekuwa tumemzika karibu na Mama.

Kabla mwangwi haujaisha nikasikia sauti ya mtu. "Wee mjinga! Unalenga nini huko?" Niliijua. Sikusimama, sikuita. Nililala kifudifudi kwenye maji ya kijito, mdomo umejaa matope, mpaka nyayo zake zikaondoka. Nikazunguka kwa njia ya barabarani ili nifike nyumbani baada yake. Nilimkuta jikoni, buti miguuni, mashavu mekundu kama ya kijana. Akasema, "Rhona, mwanangu, kaa chini, hutaamini yaliyonipata." Aliniita kwa jina langu. Alinisimulia yote, kwa mpangilio, bila kupotea hata mara moja, nami nikamtengenezea chai nikasikiliza. Kesho yake nilikuwa Elspeth tena.

Bunduki nimeipeleka kwa polisi na kusema bega linauma. Pembe niliitupa mtoni usiku. Mwezi wa Julai Baba akakata mpira wa maji wa mashine ya kufulia, akatengeneza pembe nyingine, na sasa kila asubuhi anasimama dirishani ananguruma. Nakuambia, hajaharibika hata kidogo. Kulungu wenyewe wanasimama kule juu na kugeuza vichwa. Aprili ijayo msitu huu utajaa vijana kutoka mjini, wenye bunduki mpya na macho mawili mazima, na hakuna kengele wala komeo lililomshinda mjanja wa dirishani. Nimejaribu misumari. Aliing'oa kwa kijiko.

Usidhani nataka kupumzika. Akienda Gore mimi si kiongozi wa wavuvi tena, maana sina macho mengine ya kuazima, na wageni wa Novemba nitawaandikia wasije. Akibaki, nina kazi mpaka mwezi wa Machi, na baada ya Machi kuna Aprili. Nimezipiga hesabu zote mbili, na nimechagua ile inayonifilisi.

Kwa Nessa nitasema mwenyewe, na kwa polisi pia. Hilo ni langu, sikuombi msaada. Nimetaka tu ulisikie kutoka kwangu kwanza.

Baba anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia wewe, akafikiri sana, akasema yule kijana mrefu akija aje kwa tahadhari, kuna mjinga msituni hajui kulenga. Wasalimie watoto, na umwambie Leanne soksi alizotuma zilimfaa mzee, anazivaa mikononi.

Sasa nataka jibu, na majibu ni mawili tu. Njoo ukae naye hapa, wewe mwenyewe, kabla ya Aprili. Au tia sahihi karatasi nilizoambatanisha. Kitanda cha Gore wamenishikia hadi Ijumaa tarehe 26, saa kumi na moja jioni ya huku, ambayo kwenu Perth ni saa saba mchana. Usingoje posta, piga simu kabla ya saa hiyo. Unaweza kunitukana kwanza, nitasikiliza, lakini mwisho sema "nakuja" au "nimetia sahihi". Akipokea Baba, mwambie unamtaka Rhona. Atakuambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Usikate. Nitakuwa nimesimama nyuma yake.

Dada yako,
Rhona